Jino la Kukatia Uzi

Mkasi wake ulikuwa wa kitambaa tu. Meno ya mbele hubana pini, kwa hiyo uzi aliukata kwa gego la juu kushoto, tangu usichana wake hadi kuitwa bibi. Mtaa mzima ukamwita Mama Meno. Hakuudhika. Fundi cherehani asiye na sifa ni nani?

Basi shavu la upande uleule likaanza kumuuma. Akiinama kushona, kichwa kinamgonga utadhani mtu anatwanga ndani. Pua ikatoa usaha wa manjano wenye harufu ya kumkatisha mtu chakula. Akameza dawa za dukani, wapi! Mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa akimsaidia kushona, akasogea.

"Mama, pumzika. Nitakaa mimi kwenye cherehani."

"Kaa kwenye kigoda chako. Kiti hiki hakijafiwa."

Lakini moyoni alijua: asipoweza kuinama, kiti kimekwenda.

Akaenda hospitali. Daktari akamvuta usaha puani kwa mrija, akaupeleka maabara. "Wadudu wa kawaida wangekufa kwa dawa ulizomeza, bibi. Nataka niwajue hawa ni akina nani."

"Na mimi nataka niwaone."

Siku ya majibu akang'ang'ania mlangoni mpaka mpimaji akamsogezea hadubini. Akafumba jicho moja. Akaona vinukta vimeshikana kama shanga, na katikati yake vijiti vyembamba, vimechongoka huku na huku.

"Sindano!" akasema. "Zinatafuta nini puani mwangu?"

Mpimaji akacheka. "Hawa kwao si puani, bibi. Kwao ni kwenye fizi, pasipofika hewa. Wamepanda juu. Sijui wamepitia wapi."

Daktari akamfungua kinywa, akaligonga lile gego. Bibi akaruka.

"Limepasuka hadi mzizini," daktari akasema. "Na mzizi wake umepakana na uwazi wa shavuni unaotokea puani, ukuta mwembamba kama karatasi. Unavunja nini kwa jino hili?"

Bibi akabandua kipande cha uzi kwenye gauni lake, akakificha kiganjani. 

Jino likang'olewa, dawa ikabadilishwa, usaha ukakauka. Aliporudi kwenye kiti chake, akakuta mkasi mdogo umefungwa utepe wa kuvaa shingoni.

"Nani kauomba?"

"Hakuna, Mama," mkwe akajibu, macho chini.

Akashona pindo hadi mwisho, kichwa kimetulia tuli. Akavuta uzi hadi mdomoni. Mazoea yana taabu; ulimi ukakuta pengo. Akauchukua mkasi.

"Geuka ukutani," akamwambia mkwe. "Usinitazame nikikata."