Mshipa wa Darasa

Tulianza kwa kuchoma mapapai sindano. Baada ya mapapai, mwalimu wetu wa vitendo akasema papai halitoi damu wala halilii, kwa hiyo tuchomane sisi kwa sisi. Hiyo ndiyo kozi ya matabibu wasaidizi niliyosoma Kasulu, miaka ya tisini, wakati malori ya wakimbizi yakipita mbele ya chuo na zahanati nyingi, za kwetu Kibondo zikiwemo, hazina mtu wa kutibu.

Sheria ilikuwa moja: ukikosa mshipa mara tatu, unafungasha. Na baridi ya kule mwezi wa sita si ya mchezo. Asubuhi mishipa hujificha ndani kabisa, unapapasa mkono wa mwenzako kama mtu anayetafuta sindano ya cherehani iliyodondoka kwenye mkeka.

Mmoja tu kati yetu mishipa yake haikujua baridi. Alikuwa binti wa Makere. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima hapo hapo mpaka wakawa raia. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mshipa mnene, umenyooka, hata aliyefumba macho angeupata. Mwalimu aliuona siku ya pili tu. "Huu ndio mshipa wa darasa," akasema, tukacheka. Yeye naye akacheka, masikini. Tangu siku hiyo kila aliyeogopa kufukuzwa alimwendea. "Dada, naomba mkono." Anajibu "Ego," yaani ndiyo, anakunja sweta. Ilipofika zamu yake ya kuchoma, sisi tulikuwa na visingizio. Mikono yetu mibaya, iliyopoa, tulimpa shingo upande, naye hakuikosa hata siku moja. Ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, na sote tulijua.

Mtu ataniuliza kwa nini hakukataa. Alikataa mara moja. Mwalimu akamwambia mbele yetu kwamba mgonjwa hachagui, na kwamba kama hapa hapamfai, kwao Burundi kuna nafasi tele. Mimi nilicheka, tena nilihakikisha mwalimu ananiona nikicheka. Nilikuwa mjinga na mwoga, na woga ndio ulikuwa mkubwa.

Wiki ya mtihani ilinikuta nimeshakosa mara mbili. Jumatano ilikuwa kuchoma mshipa, Ijumaa kushona kidonda kwenye mguu wa mbuzi. Jumanne, wakati wa chakula, nilimwona yule dada anakula ugali kwa mkono wa kushoto. Kwetu hilo si jambo la kupita bila kuulizwa. Sikumuuliza.

Karatasi ya mtihani ilitaka kwanza uandike hali ya ngozi: rangi, uvimbe, joto. Ukiona joto, mkono huo haufai, utafute mwingine, maana mshipa uliokwisha kuvimba ukiuchoma tena unaweza kuharibu mkono mzima. Mwalimu mwenyewe alitufundisha hivyo, na nilikuwa nimeyakariri neno kwa neno.

"Chagua mtu wako," akaniambia. Nikamtaja yeye. Akaja, akaketi, akanipa mkono wa kushoto.

"Wa kulia, dada," nikasema.

Alinitazama kidogo, kisha akakunja sweta. Nikapitisha mgongo wa kiganja changu juu ya ngozi. Ilikuwa ya moto. Nilivuta mkono, nikagusa tena, kisha nikaandika: ngozi ya kawaida, haina joto. Yeye alikuwa ananiangalia nikiandika. "Buhoro," akaninong'oneza, yaani taratibu, kwa Kiha cha nyumbani. Nilipiga mara moja tu, damu ikapanda kwenye bomba, nikafurahi. Nilifurahi kwelikweli, jioni nikala sahani mbili.

Ijumaa vidole vyake havikufunga. Ule mkasi wa kushikia sindano ulimdondoka, akauokota, ukamdondoka tena. Akajaribu kushoto, uzi ukajikunja, fundo likagoma. Mwalimu hakumuuliza mkono umepatwa na nini. Alichukua mkasi, akauweka mezani, akasema, "Mkono huu ni wa kuchomwa tu," kisha akapiga mstari juu ya jina lake. Karibu darasa zima lilikuwa limefaulu kwa mkono ule, na darasa zima likakaa linatazama mguu wa mbuzi.

Jumamosi nilimbebea sanduku lake hadi barabarani, penye lori la Makere. Nilidhani kubeba sanduku ni kitu. Mkono alikuwa ameufungia kanga shingoni, umevimba hadi kwenye kiwiko. Utingo alipokwisha kulipokea sanduku, yule dada akanigeukia.

"Kaka, Jumatano ulijua kwamba mkono wangu una moto?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anayeuliza njia, na nadhani ningesema kweli angeipokea.

"Sikujua, dada."

Akatikisa kichwa. "Basi hukustahili kufaulu."

Akapanda kwa mkono mmoja, wanawake waliokuwa juu wakimvuta, lori likaondoka. Jumatatu tuligawiwa vyeti. Changu ninacho mpaka leo, na kinasema kwamba najua kumchunguza mgonjwa.