Jumanne ya Vijana

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kupigia deki ikichanganyika na maziwa aliyoyacheua mtoto, hutoka nje upesi. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya zahanati ya kijiji chetu, kisiwani Pate, mwaka niliokuwa darasa la nane. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na baraza nyembamba yenye benchi moja. Benchi hilo lilitazama njia ya kisimani, kwa hiyo hakuna aliyeketi hapo bila kijiji kizima kujua kabla ya adhuhuri kwamba anaumwa, na wengine walijua anaumwa nini hata kabla yake mwenyewe.

Nami nilikuwa na cha kuficha. Hedhi yangu ilianza mwaka ule na haikujua kukoma. Siku tano zikawa kumi, kumi zikawa kumi na nane. Nilifua vitambaa kabla watu hawajaamka, nikavianika chini ya kanga ili visionekane. Nikipanda ngazi za madrasa masikio yalivuma. Mama aliniambia ni mambo ya wanawake, yatatulia, na simlaumu, maana ndivyo alivyoambiwa yeye. Lililonifunga mdomo ni aliloongeza: nisimwambie mtu, watu wasije wakazua. Kwetu msichana wa umri wangu akionekana zahanati, watu walishamvisha mimba. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu anayejua anisikilize, mlango ukiwa umefungwa.

Ndipo likaja tangazo. Tulielezwa shuleni kwamba serikali ina sera mpya ya afya ya vijana, na kwamba kila Jumanne mchana zahanati itakuwa ya vijana peke yao. Hakuna mzazi, hakuna kuitwa jina mbele za watu. Muuguzi wetu, Sista Mercy, mtu wa bara mwenye sauti ya upole, alibandika karatasi mlangoni: SIKU YA VIJANA. Niliisoma nikahisi kama nimeandikiwa barua. Wala sikufikiri, mjinga mimi, kwamba karatasi ile ingesomwa na wengine. Kwa walimu wetu wa bara, kijana alikuwa mtu wa umri wangu. Majumbani kwetu kijana ni mtoto, hasa yule wa kubebwa. Niliishi katika maana zote mbili kila siku, moja shuleni na moja nyumbani, na bado sikuliona.

Jumanne ilipofika nilimwambia mama naenda kuazima kitabu, nikavaa buibui nikatoka. Nilipokata kona ya zahanati nikakuta baraza imejaa kina mama, majirani zetu, wamewapakata watoto waliopakwa wanja, na mmoja wao amekuja na chupa ya chai. "Leo ndiyo siku ya zijana," walikuwa wakipongezana kwa lafudhi ya kwetu, kwamba hatimaye serikali imewakumbuka. Nilitaka kugeuka, lakini walishaniona. Bi Rukia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na mapacha wa miezi minne, akaniita huku akicheka: "Na wewe, mwanangu, kijana wako yuwapi?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Ulikuwa utani tu, lakini ulinifungia njia. Nikirudi, wataulizana nilifuata nini. Nikikaa, wataulizana vilevile. Nikasema la kwanza lililonijia, "Nimekuja kukusaidia, Bi Rukia." Akaniombea dua ndefu, akanikabidhi pacha mmoja papo hapo.

Basi niliingia chumbani, na mlango ukafungwa kweli. Ila nilikuwa nimembeba mtoto wa watu, na mama yake amesimama begani kwangu. Sista Mercy, ambaye tangu saa nane alikuwa akipima uzito wa watoto asielewe vijana wake wako wapi, alimpokea mtoto, kisha akanitazama usoni. Akanivuta kidogo ngozi ya chini ya jicho.

"Wewe je? Uko na shida yoyote?"

Bi Rukia akanigeukia kwa huruma ya kweli, akingoja kusikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye angemhadithia mama yangu yote kabla ya magharibi. "Sina," nikasema. Nalichukia neno hilo mpaka leo.

Wiki mbili kabla ya mtihani nilianguka darasani. Nilipelekwa hospitali ya Faza kwa pikipiki, nimebanwa katikati ya dereva na mama, mama akinililia mgongoni. Niliongezwa damu, na daktari akasema ningefika mapema vidonge vingetosha. Wenzangu walifanya mtihani nami nikitazama dari. Wakaenda sekondari, mimi nikarudia darasa na wadogo zao. Hasira ile sijaimaliza. Siwakasirikii kina mama wale wala Sista Mercy. Namkasirikia yule aliyekaa mezani akaandika maneno yetu bila kumuuliza hata mtu mmoja wa kwetu.

Siku hizi zahanati ina mlango wa nyuma, na wasichana wana simu za kuulizia mambo ambayo mimi sikuthubutu hata kuyanong'ona. Nafurahi, sikatai. Mwaka jana, kwa kuwa nafundisha Kiswahili, niliitwa ofisi moja ya serikali mjini Amu nihakiki lugha ya sera mpya ya vijana. Nilikuta imeshapigwa chapa. Nikamweleza bwana aliyenipokea habari ya neno lile, kijana; akacheka, kisha akaacha kucheka, akaandika kwenye daftari. "Tutarekebisha toleo lijalo, mwalimu." Nikamuuliza ni lini. "Baada ya miaka mitano," akasema. Msichana wa miaka kumi na minne, akitusubiri, atakuwa na kumi na tisa. Huenda siku hiyo akaja na kijana wake mkononi, akaketi kwenye benchi lile, na asiwepo mtu wa kumuuliza amefuata nini.