Mpimaji wa Masikio

Mpimaji wa masikio alikata kucha mpaka nyamani, na baada ya kila mtoto alifuta kinanda kwa leso, taratibu, kama anayemfuta mgonjwa jasho. Hakuwatazama usoni. Alibonyeza sauti, mtoto akairudia. Akikosea, kalamu inapita kwenye jina lake na nafasi ya shule ya muziki imekwenda. "Anayefuata" yake ilitoka kavu, haina hasira wala pole. Bibi aliyemleta mjukuu alikaa kwenye benchi akimchunguza mpimaji mikono, maana ule uso haukusema kitu. Zamu ya mjukuu ikafika. Mpimaji akabonyeza, mtoto akaimba juu kidogo ya sauti ile, kama alivyozoea kumwitikia marehemu mama yake jikoni. Akabonyeza nyingine, akaitikiwa vilevile. Kalamu ikapita.

"Mwalimu, huyo hajakosea," bibi akasema. "Anakushikia sauti ya pili."

"Nimesikia, mama. Hapa tunapima kurudia tu."

Bibi akainuka, kidevu juu, hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini mpimaji hakuita mwingine. Alibonyeza tena, na tena, polepole, amefumba macho, na mtoto akamwitikia kila mara, mpaka waliokuwa wakinong'ona mlangoni wakanyamaza. Kisha akafumbua macho. "Anayefuata."

Mtoto alitoka akirukaruka. "Bibi, umeona? Wenzangu wote hakuwapigia hivyo. Mimi tu."

"Nimeona," bibi akasema, akamshika mkono washuke ngazi.