Peke Yangu Kwenye Njia ya Kasiksi

Kwa miaka sita mimi na rafiki yangu tulikuwa na desturi ambayo walimu wenzetu waliiona kama kichaa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulitoka Ndosho, mtaa wetu wa Goma, kwa baiskeli kukipambazuka, tukapita Mugunga hadi Sake, halafu tukafuata barabara ya ziwa mpaka kwenye vilima vya migomba ambako watu wanatengeneza kasiksi, divai yetu ya ndizi. Yeye alifundisha hisabati, mimi jiografia. Kwenye kupanda alinitangulia. Kwenye kushuka nilimpita, kwa sababu mimi ni mzito.

Hatukuwa na shughuli yoyote huko, na hilo ndilo lililowashangaza watu. Kwetu mtu akipanda baiskeli, nyuma kuna kitu: mkaa, viazi, jerikani za maji, hata mgonjwa. Sisi nyuma tulikuwa na koti la mvua na pampu. "Munaenda kuuza nini?" wanawake wa Sake walituuliza. "Tunaenda kuangalia," rafiki yangu aliwajibu, nao wakacheka mpaka wakatua mizigo chini.

Tulikuwa na daftari la shule. Yeye alichora milima na miteremko, mimi niliandika ni shamba gani kasiksi yake ni tamu, ni lipi inakwaruza koo, ni mzee gani anapenda wageni na mbwa wa nani anauma. Tulisema siku moja wageni wanaokwenda Rumangabo kuona sokwe tutawaleta huku pia, waendeshe polepole kati ya migomba, ziwa likiwa kushoto kwao. Tulisema hivyo bila haraka, kama watu wenye miaka mingi mbele.

Mwezi mmoja rafiki yangu aliniambia ana malaria, hatatoka Jumamosi hiyo. Nami nikabaki nyumbani. Wiki mbili baadaye, tukiwa tumesahihisha mitihani meza moja mpaka Ijumaa, nilipata ujumbe wake Jumanne: "Ndugu yangu, tumefika Canada, mimi na mama watoto na watoto wote. Nitakupigia." Nilisoma mara tatu. Nilienda mpaka kwao. Ndani ya nyumba kulikuwa na familia nyingine, wanapaka rangi ukuta.

Hakupiga, na mimi sikumpigia. Kisha vita vikasogea, barabara ya Sake ikafungwa. Mke wangu aliwapeleka watoto Butembo kwa wazazi wake, mimi nikabaki kulinda nyumba na darasa langu. Tulidhani ni wiki chache. Njia ya kaskazini nayo ikawa ngumu, na zile wiki chache zikawa mwaka na zaidi. Watoto nikawa nawasikia kwenye simu tu, sauti zikibadilika.

Barabara ya Sake ilipofunguliwa, sikwenda mara moja. Baiskeli ilining'inia ukutani, mnyororo umekauka. Halafu Jumamosi moja asubuhi nilipika fufu kidogo, nikala nikiwa nimesimama kando ya jiko, na nikagundua kwamba tangu Alhamisi sikuwa nimesema neno na mtu nje ya darasa. Niliishusha baiskeli, nikaitia mafuta.

Mugunga, pale palipokuwa na mahema ya wakimbizi hadi mwisho wa macho, palibaki vipande vya plastiki vimenasa kwenye mawe meusi ya volkano. Sake nyumba kadhaa hazikuwa na paa. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi mmoja alizunguka baiskeli yangu akitafuta mzigo.

"Unabeba nini?"

"Hakuna kitu, chef."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

Nilitaka kujibu kwamba naenda kuangalia. Neno lenyewe lilikataa kutoka. Lilikuwa neno la watu wawili.

"Naenda kumuona mama yangu," nilisema. Alishusha kamba.

Baada ya Sake barabara inapanda, kisha ghafla ziwa linaonekana lote. Pale tulizoea kusimama, yeye akinisubiri huku akipiga mluzi. Safari hii nilisimama mwenyewe, nikanywa maji, nikasikia pumzi yangu tu. Migomba ilikuwa bado inashuka mlimani mpaka majini, kijani juu ya kijani, na moshi mwembamba ukitoka hapa na pale ambako watu wanaivisha ndizi. Ilikuwa nzuri kama zamani. Niliona uzuri wake vizuri sana, na sikujua niuweke wapi.

Watu walinitambua. "Mwalimu! Ule mwenzako eko wapi?" Mtu wa kwanza nilimwambia amesafiri. Wa pili nilimwambia anakuja nyuma, na sijui kwa nini nilidanganya. Wa tatu nilimpungia mkono tu, nikakanyaga pedali.

Nilikuwa nakwenda kwa mama mmoja mjane, upande wa juu wa Kirotshe, ambaye kwenye daftari letu kasiksi yake ilikuwa na nyota nyingi kuliko zote. Sikujua kama yuko hai. Nilimkuta uani, ameinama juu ya mtumba, lile gogo lililochongwa kama mtumbwi, anakanda ndizi. Alikuwa amekonda. Alinitazama muda mrefu, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ni weye, mwalimu? Mwili umeenda wapi?"

"Na wewe, mama, wako umeenda wapi?"

Alicheka, akanionyesha ndoo. "Nawa mikono. Leo sina mutu wa kunisaidia."

Alinieleza kwamba alikimbilia Minova, akakaa huko miezi mingi kwenye chumba cha kanisa. Aliporudi, magugu yalikuwa yamemeza shamba la juu, na mitungi yake yote ilikuwa imevunjwa. Alianza upya na migomba ya karibu na nyumba. Nilimenya ndizi zilizoivia shimoni, laini na zenye harufu ya moshi, naye akazikanda na nyasi kali mpaka maji yake yakaanza kutengana. Kisha tukabadilishana. Miaka yote ile nilikuja kunywa, sikuwahi kukanda. Mikono inawaka, mgongo unauma, na maji hayatoki kwa nguvu, yanatoka kwa uvumilivu. Tulichuja, akachanganya na unga wa mtama uliokaangwa, akafunika mtungi kwa majani ya mgomba.

"Hii utakunywa ukirudi siku ya tatu," alisema. "Leo kunywa ya wiki hii."

Alinipa kibuyu na mrija, tukakaa kwenye benchi tukitazama ziwa. Ndipo akasema, bila ubaya wowote:

"Mwenzako siku ile alikunywa kidogo tu. Alisema ataendesha vibaya."

"Siku gani, mama?"

"Ile ya kuaga. Alipokuja yeye moja."

Niliutoa mrija mdomoni. Aligeuka akaniangalia usoni. "Kumbe hukujua."

Ilikuwa ile Jumamosi ya malaria. Alikuwa amepita njia yetu yote bila mimi, kutoka Ndosho hadi hapa, nami nikiwa nyumbani namwombea apone. Mama aliniambia kwamba alimpasulia kuni mpaka mchana, kuni nyingi, kama mtu anayelipa kosa. Kisha akakaa kwenye benchi hilihili akalia.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema anakuogopa."

"Mimi?"

"Alisema: nikimuambia, ataniambia nibaki. Na akiniambia nibaki, nitabaki. Halafu watoto wangu watafia hapa." Mama alinyonya mrija wake. "Usimuchukie, mwalimu. Mutu akikimbia, haangalie nyuma. Mi pia nilimuacha jirani yangu, muzee wa miguu mibaya. Niliporudi sikumukuta."

Nilikuwa na hasira, lakini haikuwa na mahali pa kushika. Kwa sababu ilikuwa kweli. Ningemwambia abaki. Ningetoa sababu nzuri, za wanafunzi na za nchi, nisitaje ile moja ya kweli, kwamba sikutaka kuendesha peke yangu.

Sikuwa na nguvu ya kurudi kupitia Sake na kuulizwa tena. Niliteremka hadi bandarini Minova, nikapanda boti ya mchana pamoja na magunia ya maharage, kuku na wanawake waliosinzia. Baiskeli niliifunga kwenye nguzo. Kutoka majini, mashamba yote niliyoyajua moja moja, la mbwa mkali, la mzee mcheshi, la mama, yalikuwa ukuta mmoja wa kijani, na sikuweza kutambua nyumba hata moja. Hakuna aliyezungumza nami mpaka Goma.

Kesho yake, baada ya misa na chakula, nilimpigia. Kwao ilikuwa asubuhi. Alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Jana nilikuwa kwa mama wa Kirotshe," nilisema.

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Alikuambia," alisema.

"Aliniambia."

"Ndugu yangu, nisamehe."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mengine makali. Badala yake nilimwambia kwamba shamba la juu limemezwa na magugu. Aliuliza kuhusu daraja dogo kabla ya kijiji cha Shasha. Nikamwambia maji yamekula upande mmoja, lazima ushuke usukume. Aliuliza kuhusu yule mbwa. Mbwa sikumuona. Tulikwenda hivyo barabara nzima, kona kwa kona, mpaka Minova. Kisha akaniambia kwamba anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na amenunua baiskeli ya kwendea kazini. Nchi ni tambarare, alisema, barabara ni laini kama meza, na hakuna mtu anayemsalimia.

"Ningekuambia ubaki," nilisema.

"Najua."

"Ungefanya makosa kunisikiliza."

Hakujibu. Mtandao ulikuwa umekatika, na sijui kama alilisikia neno langu la mwisho. Sijamuuliza. Tunaongea mara moja moja sasa, habari za watoto, habari za baridi.

Familia yangu bado iko Butembo. Mimi naendelea kwenda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mama ananiwekea ndizi za kukanda. Hatuongei mengi. Mwezi uliopita mvua ilinikuta Shasha, nikasimama chini ya paa la duka lililofungwa karibu saa nzima, nikitazama ziwa likiwa jeusi, kisha kijivu, kisha jeupe. Hakuna aliyepita. Mvua ilipopungua nilikausha kiti kwa mkono wa shati, nikapanda baiskeli, nikaendelea.