Papai la Kiraho, Kidato cha Tatu

Tulikuwa tumefika katikati ya riwaya. Mtawala wake hana haja ya askari wengi. Humfanya kila raia aamini kuwa ni yeye peke yake mwenye shaka, basi kila mtu hunyamaza. Niliandika hilo daftarini Jumatatu asubuhi, nikapewa alama nzuri.

Mchana huo simu ya kiranja wetu ikapotea. Simu ni marufuku shuleni, hakuweza kumwambia mwalimu. Akasema babu yake kule Vitengeni hulisha watu kiraho: papai lililosomewa maneno. Mwenye haki humeza salama, mwizi huungua mdomo. Kesho yake akaja nalo limeshakatwa vipande, akafunga mlango wa darasa.

"Asiyekula ndiye," akasema.

Kwetu Mambrui hiyo ni shirki, nami najua. Nilikula.

Liliniwasha hapo hapo, ulimi hadi kooni. Sikuiba kitu, lakini wallahi nilianza kujiuliza kama niliiba nikasahau. Nikatazama wenzangu. Wote wamekaza nyuso, kimya. Nikaona kumbe ni mimi tu. Nikameza.

Ndipo mvulana wa dawati la nyuma akakohoa, machozi yakamtoka. "Maji," akasema. "Nipeni maji."

"Mwamwona?" kiranja akasema. "Mimi sijamtaja. Kajitaja."

Walimwangusha kati ya madawati. Mateke ya tumbo, mateke ya mgongo. Mmoja akang'oa mguu wa kiti kibovu akampiga nao mdomoni mara tatu, na mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine, ya mfupa. Damu ikaruka kwenye soksi zangu. Alikuwa akimwita mamake. Nami nilipiga kelele "mwizi" pamoja nao, kwa mdomo unaowaka moto. Sitaki kuliandika hili, lakini nilipiga.

Hospitali wamemfunga taya kwa waya. Kiranja akamweleza mwalimu mkuu kuwa tulimshika mwizi, na darasa zima likaitikia. Leo Alhamisi babake yule mvulana aliitwa ofisini ili apewe barua ya kumfukuza mtoto.

Kipindi cha fasihi mwalimu akauliza, "Kwa nini raia hawakusema?"

Sijawahi kuinua mkono. Nilisimama tu. "Mwalimu, lile papai alilotulisha kiranja liliniwasha mimi pia. Na sikuiba."

Kiranja akacheka. "Basi wezi walikuwa wawili."

Darasa likacheka naye. Jirani yangu akasogea hadi mwisho wa benchi. Mwalimu hakucheka.

"Nani mwingine?"

Kisha yule yule jirani, macho chini: "Mimi lilinitoa vidonda." Nyuma yake mwingine. Halafu safu nzima ya dirishani.

"Ulipaka nini?" mwalimu akamuuliza kiranja.

"Pilipili."

"Kipande kipi?"

"Vyote. Nilijua lazima mmoja atakohoa."

Mwalimu akatupeleka ofisini, tukaingia hadi tukajaa ukutani. Tukamwamkia yule baba shikamoo, tukasema mmoja mmoja. Mwalimu mkuu akaichana barua. Baba alitusikiliza hadi wa mwisho, kofia yake magotini, kisha akauliza polepole:

"Mlikuwa wengi hivi?"