Mkokoteni Uliokwama

Siku majirani walipokuja kutuvunia mahindi kijijini kwetu Gehandu, mimi nilisimama pembeni nikiwachora kwenye daftari. Kwetu, asiyeshika kazi ya ujirani hali chakula cha kazi hiyo. Baba alinikazia macho mchana kutwa. Jioni, tulipoketi kula, nilishindwa kuvumilia, nikamwonyesha kwenye simu picha iliyochorwa na mchoraji mmoja wa Poland, wa karne ya kumi na tisa: wakulima wanasukuma mkokoteni uliokwama kwenye matope.

"Huyu naye alichora watu wa kawaida kama sisi, na dunia inamheshimu!" nilifoka.

Baba aliitazama ile picha.

"Wenzake wanasukuma," alisema. "Yeye alikuwa wapi?"

Bakuli la makande lilifika kwangu, likapita.