Timu ya wakati wa Babeleji

Juma lililopita, kwenye bureau moja ya serikali hapa mjini Baraka, mzee mmoja aliomba karatasi za timu yetu ya mpira ya wakati wa Babeleji, wale wakoloni wa Ubelgiji, alipokuwa golikipa.

"Papa, zote ziliungua mu vita," karani alimjibu kwa upole.

"Basi andika. Ni mi peke yangu nimebakia."

Akataja wenzake mmoja mmoja, akikunja kidole kwa kila jina. Karani aliitikia kwa kichwa tu.

"Umeandika?" mzee aliuliza. Karani akatazama karatasi yake, ilikuwa tupu.

Nami, ninayekula kwa kalamu, nilikuwa nyuma ya mzee nikisubiri zamu yangu. Siku ya tatu nilimfuata mzee kijijini kwake, Lweba, nikiwa na daftari. Nilikuta bamama wakipika chakula cha matanga yake. Majina niliyoyashika siku ile ya bureau ni manne tu.